Mzee Aliyeacha Kuyaamini Macho Yake

Habari ilinikuta Jumanne asubuhi nikifungua duka langu la steshenari hapa Kayanga. Dereva mmoja wa bodaboda alivuka barabara bila hata salamu, akaniambia kwamba bwana mifugo mstaafu amefariki. Wasomaji wa muda mrefu wa safu hii wanamjua, ingawa sijawahi kumtaja jina: ndiye yule mzee mrefu wa kofia ya pama aliyekuwa akinipigia simu kila nilipoandika upuuzi kuhusu ng'ombe. Pikipiki iliyombeba iliteleza kwenye mteremko wakielekea Kibingo alfajiri hiyo, mvua ikinyesha. Dereva wake alivunjika mkono. Mzee aliangukia kichwa, na hakufikishwa hospitali akiwa hai. Alikuwa anakwenda kumtazama ndama. Msibani swali lilikuwa lilelile kila kona: mtu aliyevuka miaka sabini alifuata nini huko na mvua ile, wakati mwenye ndama alikwisha kumtumia video? Wengine walisema wazee ni wabishi. Mmoja alisema siku zilikuwa zimemwita. Mimi jibu nilikuwa nalo, nikainamia sahani yangu ya ndizi.

Alipostaafu, mzee hakupumzika hata wiki mbili. Wafugaji walikuwa na namba yake, na simu za siku hizi zina kamera, basi wakaanza kumtumia video za ng'ombe wagonjwa kutoka Mabira, Kibingo na huko kwenye nyika ambako afisa mifugo hafiki ila kwa bahati. Binti yake alimletea kompyuta mpakato ili asiumize macho kwenye kioo kidogo cha simu. Nilimkuta siku moja kazini, barazani kwake, kibanja chake cha migomba kimemzunguka pande zote. Kila video aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza alizima sauti akaangalia miguu tu. Mara ya pili aliipa kompyuta mgongo akasikiliza pumzi na mlio. Mara ya tatu ndipo alipotazama na kusikiliza kwa pamoja, kisha akapiga simu. Aliniambia kuwa ng'ombe hajui kudanganya, ila mwenye ng'ombe anajua, ndiyo maana hasomi maelezo kabla hajamwona mnyama mwenyewe. Sikumbuki kusikia mtu akisema kwamba mzee alikosea, na watu wetu hawana haya ya kusema.

Miaka minne iliyopita kompyuta yake ikaanza kumsumbua na ujumbe kila asubuhi: mfumo endeshi wake, ile programu mama inayoiendesha mashine nzima, umepitwa na wakati, aweke mpya. Akaniletea. Nilikuwa na foleni ya wanafunzi wanaotaka picha za pasipoti, nikaiweka pembeni, nikabonyeza kukubali, nikaiacha ijisasishe yenyewe huku nikiendelea na kazi. Jioni nilimkabidhi ikiwaka vizuri, ina rangi mpya na vitufe vya kupendeza, nami nikijisikia fundi. Siku chache baadaye akarudi. Alinieleza kwa upole kwamba video hazitulii, ng'ombe anasimama tuli kisha ghafla yuko hatua mbili mbele, na sauti inakatika au inatangulia picha. Kama ningekaa naye dakika tano ningeujua ugonjwa. Sikukaa. Kwanza nilisingizia simu za wafugaji, kwamba kamera zake ni hafifu. Alipoendelea kusimama pale mezani, nikamtania, maana tulizoea kutaniana: "Mzee, isije ikawa ni macho. Umri nao una mambo yake." Akacheka, akavua miwani akaifuta kwa shati, akaondoka. Utani ule nimeujutia kuliko neno lolote nililowahi kuandika humu.

Haukupita mwezi, video ikaja kutoka Mabira. Ng'ombe wa maziwa anatokwa na mate mengi, ananyoosha shingo, hataki maji. Mwenye ng'ombe, baba wa makamo mwenye watoto watano, aliandika kwamba jana yake alikuwa amelishwa viazi vitamu. Mzee aliitazama jioni kwa mtindo wake wa mara tatu, kwenye kompyuta niliyoitengeneza mimi. Alichokiona ni ng'ombe aliyekabwa. Akapiga simu, akamwelekeza yule baba amshike ulimi, auvute pembeni, aingize mkono taratibu hadi kooni, akitafute kiazi. Yule baba akafanya hivyo. Hakukuta kiazi, na meno yalimchubua juu ya kidole gumba.

Kesho yake asubuhi mzee alikuja dukani kwangu na ile video kwenye flashi. Simu ya kwamba kiazi hakikuonekana ilikuwa imemkosesha raha, akataka kuitazama tena kwenye kioo changu kikubwa. Kompyuta yangu ya dukani ilikuwa ya zamani kuliko yake na sikuwa nimeiwekea mfumo mpya. Picha ikatoka inatiririka kama maji. Tukamwona ng'ombe yuleyule, lakini sasa nyama za ubavu zilikuwa zinatetemeka mfululizo, sikio moja linarukaruka, na miguu ya nyuma inayumba kama ya mtu aliyelewa rubisi. Akalia, na ule mlio ukatoka wa kukwaruza, mlio ulionisisimua mwili hata mimi nisiyejua mifugo. Kwenye kompyuta yake mambo hayo yote yalikuwa yanaangukia kwenye mapengo, pale picha iliporuka na sauti ikakatika. Mzee hakuomba kuirudia. Alisema, "Hiki ni kichaa cha mbwa. Nimemwambia mtu aingize mkono." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Jana sikuona. Macho yangu yamekwisha, kijana wangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilikwisha kuelewa, maana niliwahi kuona tatizo hilo kwenye mashine nyingine. Lakini alikuwa tayari na simu sikioni, akimwambia yule baba aoshe mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, aoshe bila kuacha, asimguse tena yule ng'ombe, na maziwa wayamwage. Nilisikia jibu kwenye spika: "Waitu, mzee wetu, lakini mkono nimekwisha kuuingiza tangu jana." Mzee akapanda bodaboda kwenda Mabira, kompyuta yake akaniachia. Nilichukua chini ya saa moja kuitibu. Mfumo mpya ulikuwa umeitupa draiva ya kadi ya picha, ile programu ndogo inayoiwezesha kadi kufanya kazi yake, ukaweka ya kubahatisha, hivyo kazi yote ya kuonyesha video ikawa inabebwa na prosesa, ubongo wa mashine, nayo ikishindwa inaruka vipande bila kusema. Nikatafuta draiva inayoendana na mashine ile, nikaiweka, nikasasisha na programu ya kuchezea video. Nikaifungua ile video ya Mabira. Ubavu ulitetemeka, sikio likaruka, miguu ikayumba. Mzee alipokuja kuichukua nilimwambia nimeisafisha.

Ng'ombe alikufa siku ya tatu. Kulikuwa na majirani waliotaka nyama igawanywe, na kuna maneno makali yaliyosemwa, lakini mzee alisimama kando ya shimo hadi udongo wa mwisho. Yule baba alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali na kuanzishiwa sindano, mzee mwenyewe akimsindikiza kila tarehe aliyopangiwa ili asije akakata tamaa katikati. Wahudumu walisema amewahi. Mzee hakuridhika. Ugonjwa ule unaweza kujificha wiki, hata miezi, na ukishajitokeza hakuna wa kuutoa. Basi kwa miezi ile kila wiki alifika Mabira, akakaa, akaomba maji ya kunywa, na yakiletwa akamtaka mwenyeji wake anywe kwanza. Alikuwa anaangalia koo lake linavyomeza, maana kichaa cha mbwa kikijitokeza mgonjwa hushindwa kumeza maji. Mke wa yule baba aligundua mapema, akawa anayaweka maji mezani kabla hajaombwa, wote watatu wanatazamana hadi kikombe kiishe. Mzee alinisimulia haya mwenyewe, pale dukani, nami nikapanga upya karatasi ambazo zilikuwa zimepangika. Yule baba yu hai, na alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Tangu hapo mzee hakumhukumu tena mnyama kwa video. Walizidi kumtumia, naye alizidi kupanda pikipiki. Mvua, jua, vumbi, alikwenda. Alinunua miwani mpya, kisha mingine. Nami nikawa najiambia kwamba mazoezi yanamfaa.

Nimefikiri sana tangu msiba. Katika wilaya zetu hizi siku hizi tunaaminiana kwa video. Kwa video tunaona mahari ikipelekwa, kwa video walio mbali wanazika wazazi wao, kwa video mtu anaonyeshwa kiwanja anachotaka kununua. Zamani redio ilipoharibika ilinyamaza, ukajua imeharibika. Mashine za sasa zinaendelea kuonyesha. Zinapunguza hiki, zinaruka kile, na hakuna taa nyekundu inayowaka. Tena mtu akisema haoni sawasawa, hasa akiwa mzee, hasa akiwa hana Kiingereza, sisi tunaojiita wajuzi tunamwambia tatizo ni yeye. Anakubali. Anarudi nyumbani akiwa amepungua kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Mara ngapi nimefanya hivyo pale mezani kwangu sijui, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba huenda kuna madhara mengine yanatembea huko ambayo bado hayajanirudia.

Baada ya siku za matanga mjane wake aliniita nimsaidie kuhifadhi picha zilizo kwenye kompyuta. Nilimkuta barazani, nikamwamkia shikamoo, akanisogezea kiti. Ile video ya ndama wa Kibingo ilikuwa humo, imeingia Jumatatu jioni. Haikuwa imefunguliwa. Nikaifungua. Ilicheza vizuri bila kukwama, na hata mimi, kwa yale machache niliyookota kwake, niliona ndama mwenye upele wa duara shingoni, anaruka na kula majani kwa furaha. Huo ni ugonjwa wa kumaliza kwa simu moja na dawa ya kupaka. Mjane akaniuliza kama ni kitu kibaya. Hapo nikashindwa kuendelea kulibeba jambo hili. Nikamwambia yote: mfumo mpya, draiva, utani wa macho, na miaka minne ya kunyamaza.

Aliifunga kompyuta, akaweka mikono mapajani. Kisha akanieleza kwamba mume wake alikwenda kwa daktari wa macho mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa macho yake ni mazuri kwa umri wake. Hakuamini. Alidhani daktari anamfariji. Halafu akanitazama bila hasira, na ningependa angekasirika.

"Ungemwambia tu, mwanangu," alisema. "Angekucheka. Angekutania mwaka mzima. Na juzi angebaki hapa."

Ninyi mnaoshika mashine za watu, na ninyi mnaoshika kazi yoyote ambayo mwenye kitu hawezi kuikagua mwenyewe, mkikosea semeni siku hiyohiyo, kabla aliyewaamini hajaanza kutafuta kosa ndani yake. Mimi nimechelewa, lakini nasema hapa ambapo wengi watasoma. Macho ya mzee wetu yalikuwa mazima hadi siku ya mwisho. Aliyeiharibu picha ni mimi.