Mshono wa Koti la Balozi

Nilifumua mshono ule kwa sababu ulikuwa mbaya. Naanza na hilo, maana nikianza kwingine nitajitetea.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nashona kwenye duka la shangazi yangu La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Nilikuja kutoka Tanga miaka mitatu kabla, baada ya matokeo ya kidato cha nne ambayo mpaka leo sipendi kuyataja. Nimepewa jina la babu, kwa hiyo shangazi huniita baba hata anaponigombeza. Duka tuligawana na msusi wa Kikongo, mama mmoja kutoka Bukavu: sisi upande wa dirisha, yeye upande wa kioo.

Chini ya cherehani yangu kulikuwa na daftari. Nilikuwa naandika riwaya. Nasema riwaya, lakini kwa miaka mitatu nilikuwa na ukurasa mmoja tu. Nikikosea neno, niliuchana ukurasa na kuunakili upya tangu juu, kwa mwandiko safi. Nikifika mstari wa mwisho, neno jingine linaanza kunikera, nauchana tena. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Nilijifunza kwa vitabu visivyo na majalada, nilivyonunua kwa wauzaji wa barabarani katikati ya jiji, na kwa kuwa vitabu vyote vilikuwa vimepigwa chapa bila hata neno moja lililokatwa, niliamini kwamba waandishi wa kweli hawakosei.

Mzee alikuja mara ya kwanza katika baridi ya mwaka uliotangulia, na suruali mbili za kupunguza kiuno. Alikuwa Mchile, mrefu aliyeanza kupinda, na Kiingereza chake kilitoka polepole, kama kila neno limefutwa vumbi kwanza. Shangazi alipomuuliza kazi yake, alisema alikuwa balozi wa nchi yake, amestaafu, anaishi mtaa wa Observatory. Shangazi akacheka. Akamwambia kwetu balozi ni mtu wa nyumba kumi, kazi yake kuamua kesi za kuku. Mzee akafikiri kidogo, akasema kazi ni ileile, ila kuku wake walikuwa wakubwa zaidi. Tangu siku hiyo akawa Balozi wetu.

Mtu anayepimwa hawezi kwenda popote, kwa hiyo huongea. Nikiwa nimepiga magoti na pini mdomoni, nilipata maisha yake vipande vipande, suruali baada ya suruali. Alizaliwa jangwani, kaskazini mwa Chile, mahali ambapo mtoto anaweza kuanza shule hajaona mvua. Baba yake alipima mizigo ya chumvi ya mbolea iliyochimbwa huko. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliingia wizara ya mambo ya nje kama mpiga chapa, akapanda ngazi moja moja, mpaka akapelekwa kuwa konseli kwenye bandari ya baridi huko Ulaya. Kazi yake huko ilikuwa kusaini karatasi za mabaharia wa kwao, wengine hai, wengine marehemu. Riwaya yake ya kwanza ilikuwa juu ya hao marehemu.

Aliandika kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili, miguu mitupu, bila tai. Saa mbili alifunga tai, na tai ikishafungwa maneno yake yote yalikuwa ya serikali. Aliishi hivyo miaka yote ya kazi. Mimi nilikuwa nikiyasikia haya huku napindisha kitambaa. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anayetengeneza vitabu anaweza kusimama juu ya stuli yetu, amevaa soksi zilizotoboka kidoleni.

Siku moja nilimpelekea mashati nyumbani. Alinionyesha rafu yenye vitabu vyake, vingine kwa lugha ambazo hata herufi zake sikuzijua. Niliomba kunawa mikono kabla ya kuvigusa. Kisha akafungua boksi, akatoa karatasi alizoandika kwa mkono: mistari imekatwa, mishale inapanda na kushuka, madoa ya kahawa. Nikamwambia bila shaka hii ni rasimu ya kutupa. Akasema ndiyo pekee aliyo nayo, kitabu kilitoka humo humo. Nusura nimkasirikie.

Daftari langu aliliona mwenyewe, chini ya cherehani. Aliomba kusoma ukurasa. Nikasema bado, mzee, nausafisha. Aliomba tena mwezi wa pili, na tena Pasaka. Jibu langu lilikuwa lilelile.

Julai alikuja na koti zito la sufu, la kijivu. Ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa alikuwa anaondoka moja kwa moja, anarudi Chile kuishi na binti yake, kwa sababu macho yalikuwa yanapungua. Koti lilikuwa la safari, maana huko napo ni majira ya baridi. Alitaka mfuko wa kulia uzibwe na vifungo viwili virudishwe. Shangazi akaandika kikaratasi, akakibana kwa pini kwenye kola: mfuko, vifungo viwili.

Shangazi ana sheria moja, aliyonifundisha kabla hata ya kunionyesha jinsi ya kutunga uzi: usifungue mahali ambapo mteja hakugusa kwa kidole. Nguo ya mtu ni nyumba yake. Ukiitwa kutengeneza mlango, usiingie chumbani.

Niliingia chumbani. Nilipogeuza koti ili nifikie mfuko, nikauona ule mshono upande wa kushoto, kutoka kwapani hadi kiunoni. Bitana ilikuwa imeshikwa kwa uzi mnene wa manjano, hatua za sindano nyingine ndefu kama kidole, nyingine zimerundikana, mstari mzima umepinda kama wa mtu aliyeshona huku anakimbizwa. Uliniuma machoni. Nikajiambia mtu mkubwa kama huyu asirudi kwao na aibu hii, nikajiambia itakuwa zawadi. Kabla ya mchana nilikuwa nimeufumua wote na kushona upya kwa uzi wa hariri wa kijivu, kwa hatua ndogo usizoweza kuziona. Nyuzi za manjano nilizifagia pamoja na mabaki ya vitambaa, nikazitia kwenye mfuko wa yule msusi, ambaye mabaki hayo huyajazia mito ya wateja wake wanaokaa saa nne wakisukwa. Nilijivuna sana.

Jumatano Balozi alipita akitoka kununua sanduku la safari. Koti lilikuwa ukutani, limetupa mgongo. Shangazi akampa chai ya tangawizi, akamtania kwamba mtu mwenye heshima yake hasafiri na koti lililozeeka kuliko muuza duka. Ndipo akasimulia.

Wanajeshi walipochukua serikali ya nchi yao, yeye alikuwa likizo nyumbani, na jina lake lilisomwa redioni kati ya wanaotafutwa. Yeye na mkewe walikimbilia ubalozi wa nchi nyingine, wakakaa humo majuma saba pamoja na wakimbizi wengine, wakilala chini ya meza ya chakula. Walipopata ruhusa ya kuondoka nchini, walijua mizigo itapekuliwa uwanja wa ndege, naye alikuwa na sura za riwaya aliyokuwa hajaimaliza. Mkewe, mwalimu wa kemia ambaye hakuwahi kushona hata kifungo, alichomoa nyuzi kwenye pazia la manjano la ubalozi, akaazima sindano kwa mpishi, akapasua bitana ya koti na kuzitia karatasi ndani. Gari lilikuwa tayari linanguruma nje. Kazi ya Balozi ilikuwa kushika tochi.

"Nilitetemeka mno, mwanga ukawa unacheza," alisema. "Ndiyo maana mshono umepinda. Yeye alikuwa anafuata mwanga."

Walipita. Baadaye karatasi alizitolea upande wa chini, kwenye pindo, ili asiguse mshono wa mkewe, na fundi wa nchi nyingine akalifunga lile pindo. Riwaya ilichapishwa ugenini. Waliishi uhamishoni nchi kadhaa, mwisho Maputo, alikofundisha, na huko akamzika mkewe. Wanajeshi walipoondoka madarakani serikali mpya ilimrudishia kazi, ikamleta Afrika Kusini kama balozi, na alipostaafu alibaki Johannesburg kwa sababu kutoka hapa angeweza kwenda kaburini na kurudi kwa gari.

"Picha zake nimezizoea," alimwambia shangazi. "Mshono ule sijauzoea. Kila nikivaa koti, kidole kinakwenda chenyewe."

Akamaliza chai, akashukuru, akaondoka bila kulitazama koti. Alituamini.

Nilimwendea msusi nikamwomba mfuko wa mabaki. Alikuwa ameshaumimina kwenye mito mitatu, hajui upi, na mmoja umekaliwa. Nikafumua wa kwanza, hamna kitu. Machozi yalikuwa yananitoka.

"Uko unalia juu ya uzi, ndugu?" akaniuliza. "Eish. Hapa Joburg watu wanalilia nyumba."

Lakini aliuleta mto wa pili mwenyewe, akaupasua kwa ncha ya mkia wa kichana chake, na nyuzi za manjano zilikuwamo, vipande vipande, kirefu kuliko vyote hakikufika urefu wa mkono wangu. Shangazi aliona yote. Hakupaza sauti, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Baba, lile si koti lako," alisema. "Utampelekea mwenyewe, na utasema mwenyewe."

Bitana ya zamani ilikuwa imehifadhi matundu ya sindano. Niliondoa hariri yangu, nikaanza kurudisha uzi wa manjano tundu kwa tundu, kwa mkono, nikisokota ncha za vipande ili vishikane. Penye hatua ndefu nikaweka ndefu. Penye rundo nikarundika. Ilinichukua Jumatano iliyobaki na Alhamisi nzima, na lazima nikiri kwamba nilifurahia. Sijawahi kushona kwa uangalifu kama nilivyoshona ule upotofu. Nilipomaliza, shangazi alilileta koti dirishani, akalitazama kwa muda mrefu, akashindwa kuona tofauti. Hapo ndipo wazo likaniingia: basi kuna haja gani ya kusema?

Ijumaa asubuhi nyumba ya Observatory ilikuwa tupu. Kutani kulikuwa na miraba iliyopauka palipokuwa na picha, na balbu za ukumbini zilikuwa zimeshatolewa. Balozi alipokea koti, akatia mkono ndani, na kidole chake kikashuka taratibu kutoka kwapani hadi kiunoni. Akatabasamu. Akaniambia asante, kijana, akanipa mkono wa kwaheri. Niliushika. Ningeweza kuondoka.

"Mzee, huo si mshono wake," nilisema.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, haraka, mpaka habari za mito. Aliketi juu ya sanduku lake la safari, akaligeuza koti kuelekea mlango uliokuwa wazi, akalisogeza karibu na macho. Nilitamani anifokee. Hakunifokea. Aliuliza kama nyuzi ni zilezile. Nikasema ni zilezile. Matundu? Yaleyale. Akauliza nimetumia muda gani.

"Karibu siku mbili, mzee."

"Yeye hakufikisha nusu saa." Akaanza kucheka, na katikati kicheko kikageuka kitu kingine, nikatazama sakafu mpaka kilipokwisha.

Kisha akauliza kwa nini nimemwambia, maana asingejua kamwe. Nilisema sijui, na ni kweli sikujua. Halafu akanyoosha mkono.

"Mara tatu nimekuomba ukurasa, mara tatu umesema unausafisha. Leo siombi."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu, kama siku zote. Ukurasa wa juma lile ulikuwa na neno nililolikata mstari wa tano, na nilipanga kuunakili upya Jumapili. Nikasema hivyo. Akasema nichane. Nikauchana. Aliukunja mara nne bila kuusoma, akachukua kimkasi cha kucha, akafungua pindo la chini, pale alipofunga yule fundi wa ugenini, akausukuma ndani.

"Funga. Gari liko karibu."

Sindano huwa haikosekani kwenye ukosi wangu, na nilikuwa na uzi wa kijivu tu. Ukumbi ulikuwa na giza, kwa hiyo aliwasha taa ya simu yake akanimulikia. Mkono wake ulikuwa wa mtu mzee, ulitetemeka, na mwanga ukawa unakwenda huku na huku juu ya kitambaa. Nikaufuata. Honi ikapigwa getini. Nilipokata uzi niliona mstari umepinda vibaya, nikamwomba dakika tano tu nirudie, lakini alikuwa ameshaingiza mkono mmoja kwenye koti na anautafuta wa pili.

Sijui kama aliwahi kuusoma. Sikuwahi kumwandikia, kwa aibu, naye macho yake yalikuwa yanakwisha. Huenda umo ndani ya bitana mpaka leo, na lile neno nililolikata.

Nililorudi nalo dukani ni daftari lisilo na ukurasa wa kwanza. Jumapili nilikaa nalo, nimechonga penseli, na nikagundua kwamba sina tena cha kunakili. Nilikumbuka mtu wangu wa kwenye riwaya nilimwacha amesimama mlangoni. Nikamwingiza ndani, nikakosea jina la chumba, nikalikata, nikaendelea. Ule ukawa ukurasa wa pili.