Magoti ya Mdogo Wangu

Nilienda kwenye mazoezi yale kwa sababu moja tu: nilitaka kumvunja mkono shemeji yangu. Wenzangu watakuambia walitaka afya, au walitaka kupunguza mwili. Mimi nilitaka mkono, tena wa kulia, ule aliokuwa akimpigia mdogo wangu huko juu Kyondo, kwenye nyumba yao katikati ya kahawa.

Mdogo wangu alikuwa akishuka Bwera siku za soko, kitambaa amekifunga mpaka kwenye nyusi. Mimi nauza maharage kwenye kibanda kando ya barabara ya kwenda mpakani Mpondwe, na nilikuwa nakifunua kile kitambaa mbele ya wateja huku napiga kelele. Yeye anasema tu, "Dada, wacha. Na watoto je?" Kila mara ni hilo hilo, watoto je. Watu walidhani nina hasira, na kweli ninazo, nilizaliwa nazo. Lakini chini ya zile kelele nilikuwa naogopa. Niliogopa kwamba siku moja nitaitwa kwenda kumchukua akiwa amefunikwa shuka.

Mazoezi yalikuwa mjini Kasese, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa karibu na kambi ya jeshi. Mwalimu alikuwa sajini mstaafu, mtu wa kaskazini, mrefu, anachechemea mguu mmoja. Jeshi lilimpeleka Somalia, na huko Mogadishu akakutana na Mturuki aliyekuwa akifundisha askari namna ya kwao ya kujikinga. Jina la mchezo ule lilinishinda ulimi, na mpaka leo linanishinda. Sisi tuliuita Kituruki, basi. "Unaenda wapi?" "Naenda Kituruki." Majirani zangu walidhani najifunza lugha ili niende Istanbul kununua nguo za kuuza, na mmoja akaanza kuniagiza mapazia.

Wanafunzi wengi walikuwa wake za askari na polisi, kila mmoja na kabila lake, pamoja na sisi wachuuzi wachache. Siku ya kwanza afande alitupanga mstari akatutazama mmoja mmoja. Akasimama mbele yangu.

"Wewe, mama. Unataka piga nani?"

"Shemeji," nikasema.

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi wewe hapana piga. Kaa mlangoni."

Ati nini! Nilikuwa nimelipa nauli kutoka Bwera ili nikae mlangoni? Lakini afande hakuwa mtu wa kubembeleza. Wenzangu walijifunza ngumi na viwiko, mimi nikawekwa kwenye kizingiti nijifunze kutoka. Mtu ananishika kwa nyuma, najinasua, natoka. Mtu anazuia mlango, namsogeza, natoka. Mpaka naota natoka.

"Mturuki wangu alisema hivi," afande alituambia mara nyingi, akijipiga kidole usoni, kwenye viganja, kisha akionyesha nyuma yetu. "Macho. Mikono. Mulango. Kwanza unaona mutu yote, si fimbo peke yake. Halafu mikono inafungua njia. Halafu unaenda nyumbani. Mutu akianguka na wewe bado iko pale unamupiga, umeshindwa. Umerudi kuwa yeye."

Kulikuwa na neno moja la Kituruki tulilolijua wote: *dur*, yaani simama, acha. Alilitamka kwa sauti ndogo tu, na popote mkono wako ulipofika ulipaswa kuganda hapo hapo. Alisema Mturuki aliwazoesha neno hilo kabla ya ngumi yoyote, kwa sababu ngumi isiyoweza kusimama njiani ni ajali. Mimi neno hilo lilinikera sana. Mara chache nilipopewa nafasi ya kupiga, dur ilifika wakati mkono wangu umeshapita.

Halafu ikaja siku ya fimbo. Afande alifunga sifongo kwenye fimbo akatuambia atamjia kila mmoja kwa kasi, kama mtu aliyekasirika, na tufanye tulichojifunza. Akamjia wa kwanza, mke wa koplo, mwanamke mwenye mabega ya kubeba magunia. Yule mama akapiga magoti. Akainamisha kichwa kabisa. Afande akasimama, akamjia wa pili. Naye magoti. Wa tatu, wa nne, wote walishuka chini mmoja baada ya mwingine, wanawake waliokuwa wamezoea kutupana sakafuni kwa miezi. Ndivyo tulivyolelewa huku: ukimsalimia mkubwa unapiga magoti, ukimpelekea mume chakula unapiga magoti, na akikasirika unapiga magoti ili moyo wake upoe. Fimbo ilipoinuka, mwili haukuuliza mtu.

Mimi peke yangu nilibaki nimesimama, na nikawacheka. Mke wa koplo alikuwa analia. Afande aliketi kwenye benchi, fimbo ile mapajani. "Hii Mturuki hakuniambia," akasema, akafunga mazoezi ya siku hiyo.

Jumamosi iliyofuata alikuja macho mekundu, mtu aliyekosa usingizi wiki nzima. "Mimi hapana toa magoti yenu," alisema. "Mama zenu waliwapa. Lakini ukiwa chini, miguu ya mutu iko wapi? Iko hapa, karibu na wewe. Yeye anaangalia kichwa yako, hapana angalia miguu yake." Akatuonyesha. Unapiga magoti karibu naye kabisa, kama kawaida. Bega linaingia chini kidogo ya goti lake, mikono inazunguka nyuma ya visigino. Mikono inavuta, bega linasukuma, na unanyanyuka. Alisema kwao Waturuki wanapenda mieleka, wanaijua miguu, na kwamba hii ameitengeneza kwa vitu viwili alivyopewa, cha Mturuki na chetu.

Nikamwambia mimi sipigi magoti mbele ya mwanamume anayetaka kunipiga, afadhali nife.

"Basi kaa hapo," akasema. "Hii si yako."

Maneno hayo yaliniuma, lakini nilipokuwa nimekaa pale nikitazama, nilijua mbinu ile ni ya nani.

Siku ya soko nilifunga kibanda mapema nikamvuta mdogo wangu nyuma, kwenye magunia. Nikamwonyesha vile nilivyoona. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Dada, huu ni wazimu sasa." Lakini alijaribu, nami nikaanguka chali juu ya maharage, na jirani akachungulia kuuliza kama kuna mtu amekufa. Alijaribu tena na tena, siku nyingi za soko, akiwa anacheka kila mara. Nikamfundisha na macho, mikono, mlango. Nikamfundisha dur. Yeye alilipenda neno hilo, akawa analisema kwa mbuzi.

Msimu wa kahawa, hakushuka sokoni. Wiki iliyofuata pia hakushuka. Nilichukua bodaboda mpaka Kyondo, na njia nzima sikusali, nilikuwa najitayarisha kwa shuka.

Nilimkuta hai, mtoto mdogo mgongoni, anageuza kahawa kwenye turubai. Jicho moja lilikuwa limevimba mpaka likafunga kabisa. Mume wake alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekunywa tangu asubuhi, akaniambia karibu shemeji.

Mwaka mzima wa Kasese ulinitoka kichwani. Sikumwona mtu, niliuona mkono wa kulia tu, nikaurukia. Akanisukuma kwa ule wa kushoto, mkono mmoja tu, nikaanguka kwenye kahawa. Alipoinuka alikuwa ameshika mpini wa jembe, na alikuwa anakuja kwangu.

Mdogo wangu alimweka mtoto chini. Akatembea bila haraka, akapita mbele yangu, akapiga magoti mbele ya mume wake, karibu kabisa, kichwa chini. "Baba, tusamehe," akasema. Ilikuwa sauti ile ile ya kila siku. Niliumia kuisikia. Yule akapumua kwa dharau, akainua mpini juu ya kichwa cha mke wake.

Bega likaingia. Sikuona mikono, niliona tu mwanamume mzima anakwenda nyuma na kushuka, kama gunia linalodondoka kutoka kwenye lori, na mpini ukaruka mpaka karibu yangu. Nikauokota. Alikuwa amelala chali, pumzi imemkata, na ule mkono wa kulia umenyooka juu ya turubai, kama vile nilivyokuwa nikiuomba. Nikainua mpini.

"Dur," mdogo wangu akasema.

Mkono wangu ukaganda. Sijui ulijifunza lini. Mdogo wangu alikuwa amesimama, mtoto ameshamrudisha mgongoni, na hakuwa anamtazama mume wake wala mimi. "Dada, mlango," akasema. Nyumba ile haikuwa na lango, kulikuwa na pengo tu kwenye ua, na yeye akapita hapo. Tulipitia shuleni tukawachukua watoto wakubwa na sare zao, tukashuka.

Mambo hayaishi hivyo kwetu. Baada ya siku chache wazee wa ukoo wa mume walifika kwa baba yetu, Bwera, naye mume akiwa katikati yao, amenyoa, amevaa koti. Walisema mke arudi, watoto ni wa ukoo. Shemeji aliongea kwa upole sana. Alisema yale yalikuwa maneno madogo ya nyumbani, na kwamba siku ile aliteleza kwenye kahawa. Kumpiga? Hapana, wazee, mimi? Baba yangu amechoka, anapenda amani, na nilimwona anatikisa kichwa kukubali. Nilifungua mdomo, nikaambiwa ninyamaze. Nilihisi mdogo wangu ananiponyoka, naye hakuwa hata ameitwa.

Ndipo akaingia na maji ya kunawa. Alipiga magoti mbele ya mzee wa kwanza, akamsalimia, akamnawisha. Akasogea kwa wa pili, akapiga magoti. Wa tatu. Hakuna aliyemtazama, maana hivyo ndivyo binti aliyelelewa vizuri anavyofanya. Akafika kwa mume wake. Akapiga magoti.

Shemeji akavuta miguu yake yote miwili, akaificha chini ya kiti.

 Mdogo wangu alishika beseni, kichwa chini, akingoja mume anyooshe mikono anawe. Hakuinyoosha. Mzee wa ukoo wao wenyewe, aliyekuwa ameketi kando yake, aliitazama miguu ile, akatazama jicho la mdogo wangu lililokuwa bado la kijani kwa kile kipigo.

"Mbona unaficha miguu?" akamuuliza. "Si umesema uliteleza?"

Shemeji akaisukuma ndani zaidi. Baba yetu akamwambia mdogo wangu aweke beseni chini, aende akawape watoto wake chakula, maana hapa ni kwao.