Nyota Isiyojua Kusema Basi

Msimu ule wa karafuu naukumbuka kwa mgongo, mwanangu, si kwa kichwa. Ilikuwa miaka ya baada ya Mapinduzi, nami kijana wa Gando, kisiwani kwetu: mchana juu ya mikarafuu, jioni darasa la watu wazima. Nilichoka hata kivuli changu kilikuwa kikitafuta pa kukaa.

Desturi yetu unaijua. Msimu ukifika, ukikaribishwa kwa mtu hutaketi bure; utamiminiwa rundo mbele yako utenge karafuu na makonyo, vile vijiti vinavyozishika. Rundo likipungua, unaongezewa. Mimi kusema basi nilikuwa sijui. Nilichuma kwetu, nikachuma kwa mjomba, nikachuma kwa jirani yetu Mzee Kombo, kisha nikachambua kwa nusu ya kisiwa. Wakiniita hodari tu, ningepanda hata mikarafuu ya peponi.

Jioni moja Mwalimu Saleh akatusomesha nyota. Alisema nyota ya namna ya jua letu ikimaliza moto wake hubaki kiini tu, kidogo kama dunia hii, lakini uzito wake unakaribia wa jua zima. Huitwa kibete cheupe. Kikiwa peke yake, hupoa polepole kama mzee aliyestaafu. Lakini kingine kina nyota jirani, na gesi ya jirani humiminika juu yake, leo kidogo, kesho kidogo. Uzito ukikaribia kikomo, kiini huwaka chote kwa mpigo, nyota nzima ikapasuka, lisibaki hata kaburi.

"Si huyo Bakari wetu!" akasema Bi Mize, shangazi yangu, aliyesoma dawati la mbele, akininyooshea kidole. "Haya, Mwalimu, na hao wanaochungulia kitu kinachopasuka wapata nini?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akatuonyesha dirishani taa za karabai za wavuvi wa dagaa kule baharini. Zote za namna moja, akasema, basi ile inayofifia ndiyo iliyo mbali zaidi. Nyota hizi nazo, kwa kuwa hupasuka karibu na kipimo kile kile, mwanga wake hukaribiana, na wanafalaki huutumia kupimia umbali wa mbingu. Miaka mingi baadaye nilisikia redioni kuwa kwa mwanga huo waligundua ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi. Hata chuma cha kisu chako, kwa sehemu kubwa, kilipikwa katika kupasuka kwa nyota hizo. Ila wanafalaki wenyewe bado wanabishana kinachozipasua. Wengine wanasema mara nyingi ni vibete viwili vilivyogongana.

Kesho yake nilikuwa juu ya mkarafuu wa Mzee Kombo, usingizi ukanijia nimeshika tawi. Mguu ukateleza. Pakacha langu likaanguka, likatua karibu na Bi Mize aliyekuwa akiokota chini.

"Bakari! Teremka!"

"Bado tawi moja, shangazi."

"Tawi la nani? Mti wa Kombo, shingo yako weye! Teremka, nisije nikachambua mifupa badala ya makonyo!"

Nikateremka. Nikamwendea Mzee Kombo barazani. "Mzee, mie leo basi." Nilidhani mbingu zitashuka na ujirani utakwisha. Akajikuna ndevu, akageukia ndani: "Nyie wawili, inukeni! Mwenzenu kachoka."

Wakatoka wanawe, vijana wazima, wanapiga miayo. Msimu mzima walikuwapo!

Mwanangu, nami sasa ni kibete cheupe, napoa taratibu, na kuandika huku kwenyewe kumenichosha. Sikiliza basi. Saidia watu, lakini rundo likikuzidi, sema, tena mapema, ungali umeshika tawi. Usingoje wanaokumiminia wajue kikomo chako. Wao wanaona mikono inayofanya kazi tu. Nyota hizo zina kipimo kinachokaribiana, ndiyo maana wanafalaki wanakijua. Chako unakijua weye na Mola wako. Na nyota ikipasuka, wapo watakaopimia mbingu kwa mwanga wake. Mtu akipasuka, mama yake analia, na karafuu za Kombo zinachumwa na mwengine.

Mungu akupe nguvu za kubeba kilicho chako na ulimi wa kurudisha kilichozidi, akushushe salama kila mti unaopanda. Amin. Sasa niache nilale.