Mbili Juu ya Mbili

Ujinga wangu mkubwa utotoni ulikuwa kuamini kwamba kwenye karata, ya juu inaifuta ya chini. Juzi niliona watoto wa Magomeni wakicheza barazani, harufu ya mvua ikipanda kutoka ardhini, nikarudi kwenye mchana ule.

Gari la mjomba lilikuwa linakwenda Mikumi, kulala huko usiku mmoja, na ilibaki nafasi moja. Mimi na dada Rehema tukaichezea karata, mshindi akaone tembo. Kuku walilalama kivulini kwa sauti za usingizi.

Rehema akatupa mbili, yaani niokote karata mbili. Nikaweka mbili yangu juu yake. "Nimeifuta," nikamwambia.

Akashusha mbili nyingine, taratibu, karata yake ya mwisho. "Hazifutiki, mdogo wangu, zinajumlishwa. Okota sita."

Leo hesabu hiyo naijua vizuri. Siku ile nilikumbatia karata zangu nikilia, gari likiyeyuka barabarani, na kichwani mwangu tembo wa Mikumi walikuwa wekundu kama kopa.

Jirani yetu, Mama Zawadi, alikuwa akimenya mihogo.

"Nyamaza," akasema. "Wewe hata kwangu hapo ng'ambo ya ua hulali bila kumlilia mama yako. Huyo tembo ungemwonea wapi?"