Matanga na Ndege Iliyoipita Sauti

Tarehe 31 Desemba 1968 ndege ya kwanza ya abiria yenye uwezo wa kuipita sauti kwa kasi iliruka katika nchi ya Warusi. Tarehe 2 Machi 1969 ikafuata Concorde, ya Waingereza na Wafaransa, huko Toulouse. Tarehe hizo zilinikaa kichwani kabla sijajua kugawanya sehemu, kwa sababu marehemu mume wangu, aliyepakia mizigo uwanja wa ndege wa Zaventem hadi mgongo ulipomkatalia, alizitaja kama wengine watajavyo siku za ubatizo wa watoto wao. Aliipenda Concorde. Mimi niliichukia, na juu ya jambo hilo tuligombana kwa raha ndoa nzima.

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu nilipoingia shule ya watu wazima Etterbeek, huku ughaibuni kwa Wazungu, maana kwetu Lubumbashi baba yangu alisomesha wana wa kiume tu. Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa achague chombo kimoja cha karne ya ishirini na kuitetea historia yake mbele ya watahini. Nikachagua adui yangu. Siku ikapangwa: Jumanne, tarehe 18 Juni 2024. Asiyetokea alihesabiwa ameshindwa, na cheti, nilichokitamani kuliko mkufu wowote, kingempita.

Mume wangu akafariki tarehe 5 Juni.

Kwa desturi ya ukoo wake, mjane hunyolewa kichwa, huketi chini, wala havuki kizingiti mpaka ndugu wa mume wayaondoe matanga na kumwachilia. Nilinyolewa, sikunung'unika. Niliketi, nilikuwa na mtu wa kumlilia. Lakini shemeji yangu, aliyekuja kutoka Charleroi na kuhamia kwangu Evere pamoja na dada yake, alitangaza kwamba matanga hayataondolewa kabla ya mwezi wa saba.

Asubuhi ya tarehe 18 nikainuka, nikavaa viatu.

"Maman, unaenda wapi?" wifi yangu akauliza.

"Shuleni."

"Yaya, kuya usikie! Mujane anaenda ku masomo!" akamwita kaka yake.

Shemeji akatoka jikoni, kikombe mkononi. "Masomo gani?"

"Historia ya Concorde."

"Bon. Donc mwili ya kaka, grand frère yangu, haiyapoa mu udongo, na weye unaenda kuongea mambo ya ndege na Wazungu?"

"Naenda kusema aliyoyapenda."

"Kaa chini."

"Sikai."

"Batu ya kwetu ya Matonge watasema nini? Mujane wetu anatembea ku tram na kichwa kama yai?"

"Watasema kichwa kizuri."

Akafunga mlango, akautia ufunguo mfukoni. Nikauomba mara moja. Akanipiga kofi kwa mgongo wa mkono, pete yake ikanipasua mdomo. Nilipomrukia, wifi alinivuta kitenge kwa nyuma. Nikaanguka, bega likagonga chuma cha kupashia nyumba joto. Nikiwa chini niliuona mguu wa shemeji ukija. Nikaudaka kwa mikono miwili, nikaung'ata juu ya kifundo hadi nikaonja chumvi. Akapiga ukelele, akaangukia meza ya vikombe, kauri ikatawanyika sakafuni, naye akajikata kiganja akitafuta pa kujishikia. Wifi akanishukia mgongoni kwa mwiko wa kusongea bukari, pigo moja, la pili, huku akilia kwa hasira. Nikaugeuza mkoba wangu uliojaa vitabu, nikampiga nao usoni. Damu ya pua yake ikamtiririkia kifuani. Nikautoa ufunguo mfukoni mwa shemeji, naye amejikunja akishika mguu, nikafungua mlango.

Kwenye tramu abiria walinipisha kiti, kisha wakanipisha na vile vya jirani.

Mwenyekiti wa watahini, mama wa makamo, alisimama aliponiona. "Madame, tumwite daktari?"

"Baadaye," nikajibu. "Nikiketi sitainuka."

Nikaanza, kwa mdomo uliovimba. Nikawaambia kwamba chombo hicho kilipiga watu kabla hakijaundwa. Mwaka 1964 Wamarekani waliupitishia mji wa Oklahoma ndege za kijeshi zilizoipita sauti, kwa miezi, ili kupima raia watauvumilia mshindo wake kiasi gani. Vioo vikapasuka, watu wakaenda mahakamani. Nikaeleza kuwa mshindo haulii mara moja tu, pale ndege inapoipita sauti, kama wengi wadhanivyo: ndege huuburuta nyuma yake njia nzima, na kila aliye chini hupigwa kwa zamu yake. Nikaifikia tarehe 3 Juni 1973, kwenye maonyesho karibu na Paris, ile ya Warusi ilipokatika vipande mbele ya umati na kuziangukia nyumba za watu. Wakafa sita waliokuwamo na wanane waliokuwa ardhini. Nikaifikia tarehe 25 Julai 2000, Concorde ilipoinuka ikiwaka moto na kuangukia hoteli.

Kwa ajili ya marehemu nikautaja na uzuri wa Concorde: jinsi mwili wake ulivyorefuka angani kwa joto la mwendo, hata karibu na kiti cha fundi aliyeruka pamoja na marubani pakafunguka ufa wa kupenyeza mkono, nao ukajifunga ndege ilipopoa.

"Basi ajali ya mwaka 2000 ndiyo iliyoiua?" akauliza mwenyekiti.

"Hapana. Ajali iliikuta tayari imejeruhiwa. Ilipoanza kubeba abiria tarehe 21 Januari 1976, nchi nyingi zilikuwa zimekwisha kuikataza kuipita sauti juu ya ardhi. Ikabakiwa na bahari, na mafuta ghali, na matajiri wachache. Tarehe 24 Oktoba 2003 ikawabeba abiria wa mwisho. Watu wa chini walikataa kupigwa, Madame."

Wakatoka, wakarudi. Nimefaulu. Mwenyekiti alinipa mkono, kisha barafu iliyofungwa ndani ya leso.

Niliporudi Evere, shemeji alikuwa ameketi, mguu umefungwa kitambaa, suti za mume wangu zimerundikwa mlangoni.

"Toka leo weye si wa kwetu," akasema. "Hakuna muntu wa famille atakuondolea matanga. Utakufa mu matanga."

"Nimefaulu," nikamwambia.

Akatema mate kizingitini, akaondoka akichechemea, dada yake akimbebea suti.

Jumamosi, tarehe 6 Julai 2024, nikayaondoa matanga mwenyewe. Nikaoga, nikavaa kitenge kipya, nikapika bukari na samaki kwa wanafunzi wenzangu na majirani wa ghorofa yangu. Kwa ukoo wake hakuja mtu. Nikamlilia mume wangu mbele ya wageni hao, kwa sauti, bila wa kuniamuru kuanza wala kuacha.