Nepia ya Chini ya Siala

Hasira ilinifika kabla ya wazo. Baba mkwe alikuwa ameamua ng'ombe wetu aende Kitale kwa wifi yangu, eti hapa Kamukuywa nepia, majani ya kumlisha, imekataa kukua. Ng'ombe ambaye maziwa yake ndiyo chai ya watoto wangu! Mzee alikuwa ameimwagia nepia hiyo samadi niliyoibeba mimi, mpaka ukipita pale unaziba pua. Bado ilisimama nyembamba, imelegea.

Siku moja nikikata majani niliona shina la nepia lililojiotea kando ya njia, juani. Halikuwahi kuonja samadi, na lilikuwa limenona kuliko yote. Nikageuka kuitazama nepia yetu. Ni miti ya siala! Ile miti ya mpakani ilikuwa imeifunika nepia yetu kwa kivuli kutwa nzima. Jani huupikia mmea chakula kwa jua. Lisipopika, mzizi hubaki na njaa, na mzizi wenye njaa hauna nguvu ya kufyonza mbolea hata ukiuzamisha humo.

Dawa ilikuwa kupunguza matawi. Lakini kwetu mwanamke hakwei mti katika boma alikoolewa, na mume wangu alikuwa kazini mbali. Kumwambia mzee kwa mdomo mtupu, angesema nimechoka kubeba samadi. Basi nikang'oa shina moja kule kivulini pamoja na mchanga wake, nikalitia kwenye ndoo kuukuu, nikaliweka juani nje ya jikoni na kulitilia samadi ile ile. Kila asubuhi nililichungulia kabla hata ya kuwasha moto. Lilipotoa machipukizi nilicheza peke yangu, mwiko mkononi.

Wifi alipofika na pikapu ya kubebea ng'ombe, nepia yangu ilikuwa imejaa ndoo. Nikaibeba hadi miguuni pa mzee, pale mpakani.

"Hii si umenunua huko sokoni, mama?"

"Imetoka chini ya siala, baba. Samadi ni ile ile, mchanga ni ule ule. Mimi nimeongeza jua tu."

Akatazama ndoo, akatazama matawi juu. Kisha akavua viatu, akachukua panga, akakwea mwenyewe, mzee mwenye wajukuu! Matawi yakaanguka, jua likaishukia nepia, nami nikapiga vigelegele bila haya.

"Sasa baba, na ng'ombe?" wifi akauliza.

"Anabaki," mzee akajibu kutoka juu. "Wewe beba mbegu ya nepia. Na ukifika Kitale, usiipande kivulini halafu useme ati imekataa."