Ushuhuda wa Mpiga Roki

Mimi Mwislamu wa Tanga, mimi na kanisa wapi na wapi? Lakini mwaka 2017 nilikuwa fundi cherehani ugenini, kusini kabisa mwa Afrika, mtaa wa Jules Street, Malvern, na wateja wangu wakubwa walikuwa wanawake wa kanisa la Wakongo, ghorofani juu ya duka la matairi. Kila sikukuu yao walitaka sare ya kitenge, na fundi akialikwa asipokwenda huonekana anaringa. Basi nilikwenda, nikikaa nyuma, karibu na mlango.

Mmoja wao alikuwa mama mzee wa Lubumbashi, mkali kwenye vipimo. Safari hii alitaka bega la kushoto liwekewe pamba, la kulia liachwe. Nilipomwambia sare ni sare, akanieleza kuwa anataka kupiga gitaa, na mkanda wake unaumiza bega. Alipokuwa msichana, kabla ya uhuru wao, alipiga roki na rol kwenye baa za kwao, gitaa la umeme, mwanamke peke yake katikati ya wanaume. Watu walichungulia nyuma ya pazia kumtafuta mwanamume anayepiga hasa. Alisimulia hilo bila kucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaenda kutafuta pamba.

Kanisani gitaa lilikuwa la vijana wa kiume. Aliomba, wakampiga chenga, mwisho mchungaji akakubali kwa sharti moja. Desturi yao, aliyewahi kupiga muziki wa kidunia husimama mbele ya watu na kushuhudia jinsi alivyouacha na kutubu, ndipo aguse chombo. Mimi niliona jambo rahisi kabisa. Maneno mawili tu, jamani.

Siku ilipofika alisimama mbele, gitaa limeshachomekwa kwenye umeme, linamngoja. Akasimulia baa, pazia, na wale wanawake weusi wa Amerika aliojifunza kwao kwa kusikiliza santuri zao mpaka zikakwaruzika. Watu wakaitikia amina, amina. Mchungaji akamsaidia kumalizia:

"Na Yesu akakutoa huko."

"Hapana, Pasta," akasema. "Mume wangu ndiye aliyeuza gitaa. Kama si yeye, mpaka leo ningekuwa napiga."

Wachache waliitikia amina kwa mazoea, wakajikatiza. Mchungaji akatangaza wimbo, kijana mmoja akachukua gitaa, mama akarudi kukaa. Wimbo wenyewe ulipigwa hovyo. Nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani.

Tulirudi pamoja. Tukisubiri robot, yaani taa ya barabarani, iwe kijani, nikamlalamikia: kwa nini asiseme tu walichotaka kusikia? Uongo mdogo, na gitaa lilikuwa pale pale mbele yake. Alinitazama kama nimemharibia kitambaa.

"Yule msichana nikimkana," akasema, "nitapiga kwa mikono ya nani?"